Nani Hushuka Kufunga Waya

Tabia binti Masoud anashona kofia za viua. Ni kazi ya kukaa kitako tangu asubuhi mpaka alasiri, mtu akitoboa kitambaa na kuzungushia uzi vitobo visivyo na idadi, na asiyemjua angedhani imempata mwanamke mtulivu. Wapi. Mikono yake ndiyo iliyotulia. Tangu yuko chuoni, anasoma juzuu ya kwanza, alimuuliza mwalimu maswali mpaka mwalimu akamhamishia mstari wa nyuma, na huko nyuma akaanza kuwauliza wenziwe. Pale Mkunazini anapokaa, ghorofani juu ya duka la viatu, majirani humwita Bi Kwa Nini, naye huitika "Naam" bila ya kununa.

Mtu wa namna hii kuolewa na mwanajeshi ni mtihani kwa wote wawili, maana jeshini kuna mengi yasiyoulizwa. Bahati yao ni kwamba Amour Ubwa, mumewe, hakuwa mtu wa siri. Alikuwa koplo katika mafundi wa vifaru, na kazi yake yote ilikuwa chuma, mafuta na matope. Juu ya hayo angeweza kusema kutwa, na hakuna mke mwingine Unguja nzima ambaye angekaa akamsikiliza.

Siku alipopangiwa gari jipya alimtumia mkewe picha kwa simu. Tabia aliitazama, akaikuza kwa vidole, akaitazama tena. Mwili ulikuwa wa kifaru, hilo hata Faiza, binti yao wa miaka tisa, alilijua: minyororo miwili mipana badala ya magurudumu, na mgongo wa chuma wenye rangi ya majani makavu. Lakini juu, pale pa mzinga, palikuwa patupu. Ubavuni ulilazwa mkono wa kreni, na mbele, chini kabisa, kulikuwa na bamba pana la chuma mithili ya lile la tingatinga. Akampigia hapo hapo.

"Baba Faiza," alisema, "mzinga wenu kaiba nani?"

Amour alicheka mpaka wenziwe wakageuka. Akamweleza kwamba hakuna kilichoibiwa. Kifaru kikizeeka, mzinga wake ukapitwa na wakati, kiwiliwili huwa bado kizima, injini ina nguvu zake na minyororo inapita popote. Basi hung'olewa kile kichwa chenye mzinga, kikavishwa zana nyingine na kupewa kazi nyingine. Kuna kinachobebeshwa daraja la kukunja mgongoni, kikifika mtoni kikalikunjua na wengine wakapita juu yake. Kuna kinachofungwa jembe la meno mbele, kikatangulia kufukua mabomu yaliyozikwa njiani. Na kuna hili lake, gari la kuokolea. Kifaru kikizama topeni, kikizimika, kikikatika mnyororo, ndilo linaloitwa likakitoe.

Tabia akataka kujua kwa nini lisitumwe lori kubwa likamaliza kazi. Akajibiwa kwamba kifaru kina uzito wa malori mengi, na anayekwenda kukitoa lazima aweze kufika kilipofika, tena awe na uzito wa kushindana nacho. Jibu lilimridhisha kwa siku moja. Siku ya pili akapiga tena kuuliza mnakaa wangapi humo ndani, na ya tatu akauliza moshi unatokea wapi.

Wake wa wanajeshi wengine, mume akiwa mbali, humuuliza amekula nini na mshahara umeingia au bado. Tabia alimuuliza waya wa kuvutia una unene gani, na Amour akamjibu kwa kuutaja mkono wa Faiza. Alikuwa wakati huo ng'ambo, katika nchi ya watu, na kikosi cha kulinda amani, kwenye mvua na misitu. Sauti yake ilifika ikikatikakatika. Lakini ikifika kwenye winchi, lile pipa la kuzungushia waya wa kuvutia, na gia ilichangamka, na Tabia aliisikia ikichangamka, akazidi kuuliza. Mimi nasema hayo yalikuwa mapenzi yao, na kama kuna mtu anayaona ya ajabu basi hajawahi kukaa mwaka mzima na mume wa kwenye simu.

Swali moja Amour alikataa kulijibu. Tabia alimuuliza hivi: ikiwa aliyekwama ana uzito sawa na wenu, na yeye kashikwa na tope, kwa nini msivutwe nyinyi mkaingia huko alipo? Amour akasema hilo afikiri mwenyewe, na jibu limo katika ile picha.

Alifikiri. Alishona kofia nzima ya bwana harusi mmoja wa Malindi akifikiri. Mwisho akajitanda kanga yake akenda kwa Bwana Mufaddal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Darajani, akamwomba kamba na kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Bwana Mufaddal, Bohora mpole ambaye humnunulia baba yake kofia kwa Tabia kila Idi, alidhani nyumba inatengenezwa. Alipoambiwa kwamba kinachotakiwa ni kujaribu tu, kuona kifaru kinavyotolewa topeni, alivua miwani yake akaifuta.

Mlangoni palikuwa na fungu la nondo limelala sakafuni, linangoja gari. Tabia alifunga kamba kwenye fungu akavuta, na nondo hazikutingishika hata kidogo. Alichokiona ni kandambili zake zikiteleza juu ya vigae na yeye mwenyewe akisogea kwenye nondo. Wateja wakaanza kukusanyika. Bwana Mufaddal, ambaye sasa naye alishaingiwa na hamu, akatoa kapi, akalifunga kwenye fungu, akapitisha kamba ndani yake, ncha moja akaifunga kwenye nguzo na nyingine akampa Tabia. Safari hii nondo zilisogea kidogo, kisha kandambili zikateleza tena. Tabia akazivua, akakaa chini mbele ya watu wote, akaikita miguu yake kwenye kizingiti, akavuta. Fungu likaja lote.

"Bi Tabia," aliuliza Bwana Mufaddal, "biashara ya kofia imekuwaje?"

Tabia hakumsikia. Jioni alimwambia mumewe kwamba lile bamba la mbele hulichimbia ardhini likauma, ndipo huvuta. Amour akasema amefaulu mtihani, na kwamba kuna vijana kikosini waliohitaji wiki kulielewa hilo. Faiza anasema mama yake siku hiyo alipika wali wa nazi bila ya sababu yoyote.

Katika maswali yote ya miezi yote, moja tu lilipata jibu fupi. Tabia aliuliza kama kazi hiyo ina hatari. Amour akasema wao ni mafundi tu. Gari lao halina mzinga, halipigani na mtu, hukaa nyuma na huitwa mambo yakishatulia. Wao hukaa ndani ya chuma wakabonyeza na kuvuta, basi. Na kwa kuwa katika mengine yote hakumdanganya hata kwa unene wa waya, Tabia aliliamini hilo pia.

Amour alirudi likizo amekonda, ana ndevu, na kwa siku za mwanzo alilala kuliko alivyosema. Alipoamka vizuri alimweleza mkewe jambo. Mkubwa wake wa kazi alimpa njia mbili. Arudi ng'ambo na kikosi kwa awamu nyingine, safari hii akiwa mkuu wa gari, au abaki bara kwenye karakana, awe mwalimu wa mafundi. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Wewe sema," alimwambia. "Utakalosema ndo hilo hilo."

Hapo Tabia alishangaa. Mumewe si mtu wa kuamuliwa. Ni mtu ambaye hata kitambaa cha suruali huchagua mwenyewe, tena akamfundisha fundi namna ya kukikata. Alimtazama usoni asione kitu, akasema atafikiri. Kwa kweli alikuwa na jibu tayari. Angemwambia nenda. Alijua anavyolipenda lile gari, alijua kuitwa mkuu wa gari ni heshima aliyoitafuta kwa miaka, na alijiona mwanamke wa kisasa asiyemfunga mume kamba mguuni. Uchungu wa kuachwa ulikuwapo, ila aliuweka kando. Alipanga kulisema siku ya Alhamisi, baada ya chakula, kwa maneno mazuri.

Jumatano alifungua begi la mumewe afue. Chini kabisa alikuta kofia.

Kofia hiyo aliishona yeye, na haikuwa kama nyingine. Amour alimwomba moja laini, isiyotiwa dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa, ya kuvaa chini ya ile kofia nzito ya askari wa vifaru, isimchune kichwa. Tabia alimtilia vitobo vingi kuliko kawaida ili kichwa kipate hewa. Sasa alipoitia majini, maji yalibadilika yakawa mekundu. Akayamwaga, akatia mengine, nayo yakawa mekundu. Aliitoa akaiweka mwangani dirishani.

Udongo ulikuwa umejaa kwenye viua. Kila anayeshona kofia anajua vumbi linavyokaa: hutua juu, kwenye duara, na ukipiga kofia gotini linatoka. Huu haukuwa vumbi, na juu hapakuwa na kitu. Ulikuwa nyuma, kisogoni, na upande mmoja mpaka juu ya sikio, umesindiliwa ndani ya vitobo mpaka upande wa pili. Alichukua sindano akaanza kuutoa, kitobo baada ya kitobo, akiuweka juu ya kipande cha kitambaa cha bafta nyeupe. Mwanzo alifanya hivyo kwa kuwa hapendi kazi yake ichafuke. Baadaye aliendelea kwa kuwa alitaka kujua.

Mtu anayekaa ndani ya chuma hachafuki kisogo. Tope liingie namna hii, ni lazima mtu awe amelala chali ndani yake, amegeuza kichwa upande, tena kwa muda, na si mara moja. Akaikumbuka picha. Kwenye picha waya ulikuwa umezungushwa kwenye winchi yake, una ndoana kubwa nchani. Alikuwa ameuliza unene wa waya huo na urefu wake na nguvu zake. Hakuwahi kuuliza unafikaje kwenye kifaru kilichokwama. Waya hautembei wenyewe.

Bi Kwa Nini mzima, akajiambia, na hili likanipita. Mikono yake, ile iliyotulia, ikaiweka sindano chini.

Amour alirudi kutoka sokoni na fungu la samaki, changu. Akaikuta kofia imevishwa kwenye sufuria ndogo iliyopinduliwa ili ikauke isipoteze umbo, na pembeni yake kile kipande cha bafta chenye udongo mwekundu.

"Baba Faiza," alisema Tabia, "nani hushuka kufunga waya?"

Amour aliweka samaki kwenye beseni. Alinawa mikono, akaifuta, akainawa tena.

"Mie," alisema.

Akakaa. Basi Amour akamsimulia, kwanza kwa kusitasita kisha kama mtu aliyefunguliwa. Kifaru kikikwama, ndoana zake za kuvutia huwa chini, tumboni, na mara nyingi zimeshazama. Lazima mtu atoke ndani ya chuma, aburure waya, alale topeni na azitafute kwa kupapasa. Na kifaru hakikwami mahali pa raha. Kinakwama pale ambapo mtu alitaka kikwame, au pale kilipopigwa, na waliokipiga aghalabu hawajenda mbali. Kusema kwamba wao hukaa nyuma ni kweli mpaka simu ilie. Ikilia, wao ndio wanaokwenda mahali ambapo wengine wameshindwa kutoka.

Tabia aliuliza, kwa sababu hakuweza kutouliza, waliomo ndani ya hicho kilichokwama huwa wanafanya nini. Amour akasema wanangoja. Injini imezima, kiza, na mara nyingine redio imekufa pia, basi hugonga chuma kwa spana ili wa nje ajue wako hai. Yeye akiwa chini huwagongea naye, ili wajue kuna mtu kaja. Mara moja aligonga asijibiwe, akaendelea kupapasa hivyo hivyo mpaka ndoana ikaingia, akavuta kifaru kizima hadi mahali pa usalama. Akaishia hapo, na Tabia, kwa mara hiyo moja, hakuuliza kilichokutwa ndani.

"Ulinambia mnabonyeza," alisema baadaye.

"Nlikwambia vile ili ulale."

Tabia alikasirika, na alimwambia kwamba amekasirika. Hakumkasirikia kwa ajili ya hatari, hatari ilimtisha tu. Alilomkasirikia ni kwamba alimpa gari zima, mnyororo na winchi na moshi, akamfanya akae kitako dukani kwa Mufaddal mbele za watu, akamficha jambo moja tu lenye mtu ndani yake. Amour alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakujitetea, na huko kutojitetea ndiko kulikomfanya Tabia amtazame upya, kama alivyoitazama picha ile siku ya kwanza, akiikuza.

Ndipo akaona. Mtu asiyeamuliwa hata kitambaa cha suruali kamwachia yeye aamue. Kwa nini? Kama alitaka kwenda, angesema nnakwenda, na angeaga. Na kama alitaka kubaki, kilimzuia nini kubaki?

"Wewe ulitaka nikwambie baki," alisema Tabia polepole. "Ukaninyima la kunifanya niseme."

Macho ya Amour yalijaa machozi. Hakuyafuta. Alisema anaogopa. Zamani alikuwa akishuka na kulala pale chini bila ya kufikiri, sasa akilala anamfikiria Faiza, na mkono unachelewa kuipata ndoana. Mkono ukichelewa wanakaa wote pale, yeye na wenziwe na waliomo kizani. Lakini hawezi kumwambia mkubwa wake kwamba anaogopa, wala hawezi kuwaambia vijana waliomzoea akishuka kwanza. Na hakuweza kumwambia mkewe, kwa sababu angelazimika kuanza na ule uongo.

Tabia alisogea akamshika ule mkono. Ulikuwa na harufu ya samaki.

"Baki," alisema. "Waambie mke wangu kakataa. Waambie kalia, kapiga kelele, kaita wazee. Sema utakavyo."

"Watanicheka."

"Wacha wakucheke. Wananicheka mie huu mwaka wa ngapi."

Hawakungoja Ijumaa. Amour alipiga simu pale pale, amesimama dirishani na mgongo ameuelekeza ndani, na Tabia alimsikia akisema maneno hayo hayo, mke wangu kakataa, afande, wallahi kanishinda. Upande wa pili walicheka, kicheko cha watu zaidi ya mmoja. Wakamtania kidogo kuhusu wanawake wa Kiunguja, Amour akacheka nao. Kisha mkubwa wake akasema jambo lililochukua muda, na Amour akaitika tu, naam, naam, anaweza, nilimfundisha mwenyewe.

Alipokata simu alikaa kitandani, akashusha pumzi iliyokuwa kifuani tangu aliposhuka bandarini. Tabia aliiona inashuka. Alifurahi, furaha ya mwili mzima, akatamani kucheka na kulia kwa pamoja. Akaanza kupara samaki ili asifanye lolote kati ya hayo.

Alipara wa kwanza, akapara wa pili.

"Nani anaweza?" aliuliza.

"Msabah. Kijana wetu mmoja wa Makunduchi. Ndo atakuwa mkuu wa gari badala yangu."

Tabia akaendelea kupara. Magamba yaliruka mpaka sakafuni.

"Kaoa?"

"Bado," alisema Amour. "Ana mama yake tu."

Kisu kikasimama. Amour hakunyanyua uso. Mlango wa chini ukafunguka, Faiza akaingia kutoka skuli akaanza kupanda ngazi, akiita, na wote wawili wakamsikia, na wote wawili wakachelewa kuitika. Tabia bado alikuwa na furaha yake, ipo vile vile kifuani, wala hakuitaka iondoke. Alikuwa akiionea haya.